Ndege inapima barafu, lakini nani anapima ndege?

Tangu 2009 mupaka 2019, NASA, shirika la anga la Marekani, ilituma ndege kupima barafu ya Groenland na ya Antaktiki. Kazi iliitwa IceBridge. Satelite ya lazeri ICESat ilikuwa imefika mwisho, na ya pili ilipanda tu mu 2018. Kati ya hizo mbili, ndege njo ilikuwa macho.

Ndege inapita karibu metre 500 juu ya barafu, inatupa mwanga wa lazeri, mwanga unarudi, saa inahesabu muda. Kusema ni rahisi. Lakini saa ikikosea nanosekunde moja, ni kusema sekunde iliyogawanywa mara miliari moja, urefu unakosea santimetre 15. Tena ndege inainama, upepo unaitikisa.

Utauliza: santimetre ni kitu gani? Tuhesabu. Barafu ya Groenland inafunika karibu kilometre za mraba milioni 1,7. Kosea santimetre 10 pahali pote, umekosea kilometre za ujazo 170. Na kwa mwaka Groenland inapoteza karibu tani miliari 270. Kosa hilo dogo linakula zaidi ya nusu ya jibu!

Kwa hiyo wanaanzia kwenye uwanja wa ndege. Wanapima sakafu ya uwanja kwa GPS, kisha ndege inapita juu yake na lazeri. Sakafu haiyeyuki. Namba zikiachana, kosa ni la chombo.

Kisha barafu yenyewe. Karibu na kituo cha Summit, katikati ya Groenland, tangu 2006 watu wanapitisha GPS kwenye mustari wa kilometre 11, karibu kila mwezi, hata wakati jua halitoki. Kifaa kinavutwa juu ya teluji. Wanapaswa kupima pia namna kinavyozama, la sivyo GPS nayo itadanganya.

Mu 2017 matokeo yalitolewa: lazeri za ndege zilipotoka kwa chini ya santimetre 12, na kutawanyika kwa vipimo hakukupita 9. Kutawanyika hakusumbui sana, juu vipimo vingi vinasawazishana. Kupotoka upande mumoja njo hatari: hata ukipima mara milioni, kunabakia.

Na Summit ni tambarare. Kule pembeni, kwenye barafu inapasuka na kuanguka baharini, kuvuta GPS juu yake haiwezekane, na kule njo barafu inapungua sana.