MWANAMKE MWENYE KIKAPU
Safari ya Profesa Micere Githae Mugo

Wapo watu, hata miongoni mwa walinzi wa usalama, wadhanio kwamba fasihi ni jambo la walimu na wanafunzi peke yao. Leo twapenda kuwaletea wasomaji wetu, na hasa ninyi ndugu mnaokesha kwenye mpaka wa mto Rusizi, habari za mwanachuoni mmoja aliyefundisha fasihi kwa zaidi ya miaka arobaini, na ambaye maisha yake yalikutana mara nyingi na watu wenye sare.

Micere Githae Mugo alizaliwa Baricho, wilayani Kirinyaga nchini Kenya, mwaka 1942. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mwezi Oktoba 1952, hajatimiza hata miaka kumi. Utoto wake basi ulikuwa wa misako na amri za kutotoka nje. Baadaye akawa miongoni mwa wasichana wa kwanza Waafrika kuingia katika shule ya wasichana ya Limuru, iliyokuwa ya Wazungu watupu. Akasoma Makerere, kisha akavuka bahari hadi Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1973.

Utafiti wake wa huko, uliochapishwa mwaka 1978 kwa jina la Visions of Africa, uliuliza swali lililo jepesi kutamka lakini zito kujibu: Afrika yaonekanaje, na nani anayeitazama? Aliwaweka pamoja Elspeth Huxley, binti wa walowezi wa Kenya. Margaret Laurence wa Kanada, aliyepata kuishi Somalia na Ghana. Na Waafrika wawili, Chinua Achebe na Ngugi wa Thiong'o. Aliporejea kufundisha Nairobi, vita vya kuiondoa fasihi ya Kiingereza katika kiti cha enzi vilikwisha kuanzishwa na akina Ngugi, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong mwaka 1968. Yeye akaongeza la pili: na mwanamke je, nani anamsimulia?

Jibu lake twaliona katika tamthilia aliyoiandika pamoja na Ngugi, iliyotoka mwaka 1976 na kufasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Yahusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, aliyenyongwa na Waingereza tarehe 18 Februari 1957. Vitabu vya wakoloni vilimwita jambazi. Waandishi hawa wawili wakamrudishia cheo chake cha ukombozi. Tamthilia hiyo ilichezwa Nairobi mwaka 1976, na mwaka uliofuata ikapelekwa Lagos kwenye tamasha kuu la sanaa za watu weusi.

Tuwaombeni ninyi askari mtue hapa kidogo. Katika tamthilia hiyo yumo mwanamke mwenye kikapu, naye amebeba mkate. Ndani ya mkate mna bunduki ya kupelekewa Kimathi. Askari wa Kizungu anamsimamisha, anamhoji, anampekua, kisha anamwacha apite. Kwa nini? Kwa sababu alichokiona mbele yake ni mama wa sokoni tu, kiumbe asiye na akili ya kupanga vita. Macho yalitazama, dharau ikayafumba. Hapa kwetu kina mama huvuka kila siku kwenda Bukavu na mboga, matunda na maziwa, nao wengi wao hawana siri yoyote ila riziki ya watoto. Lakini askari ahesabuye mizigo yao bila kuwaona wenyewe anafanya kosa lile lile la Mzungu yule, hata kama kikapuni hamna kitu.

Jambo moja hatukubaliani nalo. Mwanamke huyo hakupewa jina; aitwa Mwanamke basi. Yawezekana waandishi walitaka awe mama wa wote. Hata hivyo wapiganaji wanawake wa msituni walikuwa na majina na vyeo, kama Muthoni wa Kirima, aliyepata cheo cha Field Marshal na kufariki mwaka 2023. Tungalipenda kuliona jina katika mchezo.

Huko Nairobi, kabla ya kutimiza miaka arobaini, Micere alichaguliwa kuwa mkuu wa kitivo, mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa huo. Haikuwa heshima tupu. Ngugi alikwisha kuwekwa kizuizini tangu mwisho wa mwaka 1977 hadi Desemba 1978, na walimu waliosema kwa sauti waliandamwa. Micere mwenyewe alikamatwa na polisi na kuhojiwa. Mwaka 1982, mwaka ule ule ambao askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali, alikimbia nchi pamoja na mabinti zake wawili, akapoteza uraia wake. Baadhi yenu mlilelewa ukimbizini. Hamhitaji kuelezwa uzito wa mtu kutokuwa na pasipoti. Zimbabwe ilimpokea na kumfanya raia mwaka 1984. Alifundisha huko, kisha Marekani, katika Chuo Kikuu cha Syracuse tangu mwaka 1993 hadi alipostaafu mwaka 2015.

Katika miaka hiyo ya ugenini ndipo alipoandika juu ya fasihi simulizi na haki za binadamu, mwaka 1991. Alimfananisha mtu na kiini cha kitunguu: juu yake pana ganda la jamaa, juu ya jamaa ganda la jamii, na kuendelea mpaka ulimwengu mzima. Hadithi za bibi na nyimbo za kina mama ndizo zinazoyashikanisha maganda hayo. Ndiyo maana hakukubali kuitenga haki ya mwanamke na haki ya mkulima au ya taifa lililotawaliwa. Mihadhara yake haikuwa ya kukaa kimya: wasikilizaji walitakiwa waitikie, na vigelegele viliruhusiwa.

Alifariki huko Syracuse tarehe 30 Juni 2023, baada ya kupambana na saratani kwa miaka mingi.