Kigoda cha babu kisibaki bila simulizi yake

Mwanza. Mzee anapofariki, kikao cha ukoo hujadili shamba, ng'ombe na nyumba. Kigoda chake, kibuyu cha maziwa na ngoma iliyoning'inia ukutani huishia kwa yeyote mwenye nafasi ya kuvitunza. Simulizi zake hazigawiwi, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyeziuliza.

Thamani ya vitu hivyo inaonekana Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Jiji la Mwanza. Katika Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa kwa juhudi za Padri David Clement kutoka Kanada, zimehifadhiwa ngoma za watemi ndani ya jengo lenye umbo la kigoda cha mtemi. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini mgeni anayeelezwa ngoma ipi ilikuwa ya nani anaondoka na historia, si picha tu.

Ng'ambo ya maji, Ukerewe, Aniceti Kitereza aliiona hatari ya kusahau mapema. Mwaka 1945 aliandika kwa Kikerewe maisha ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Kitabu hicho kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwenyewe alifariki mwaka uliofuata. Humo mna namna wazee walivyooana, walivyolea na walivyotibu.

Kwa familia ya leo, ipo sababu nyingine ya kuuliza: afya. Selimundu hurithiwa, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi nchini. Kisukari na shinikizo la damu navyo huandama baadhi ya koo. Shanga za mtoto zilizobaki sandukuni baada ya mwenyewe kufariki zinaweza kumfanya mjukuu aulize mtoto huyo aliugua nini. Jibu la bibi linaweza kumsaidia daktari, au kuwafanya wachumba wakapime kabla ya kuoana.

Anza na kitu kimoja. Kiweke mbele ya bibi, washa kinasa sauti cha simu, kisha uliza kwa upole: kilitengenezwa na nani, kimepitia mikono ya nani, na hao waliondoka kwa maradhi gani? Andika majina na miaka, kisha wasomee wadogo zako.

Usingoje kumbukumbu zianze kumtoroka. Sanduku linaweza kusubiri hadi sikukuu ijayo. Bibi huenda asiweze.