Askari Kwenye Mlango wa Kituo cha Kura



Wengi wetu tuna jamaa waliotoka katika kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu kule Kigoma au Kakuma kule Kenya, wakahamishiwa Marekani. Kuna Wakongo na Warundi wanaofanya kazi katika viwanda vya nyama vya huko. Mkimbizi akishakaa miaka 5 na kufuata taratibu, aweza kuomba uraia; na akishakula kiapo huwa mpiga kura sawa na raia mwingine yeyote. Je, siku ya uchaguzi akikuta askari wa uhamiaji wamesimama karibu na kituo, sheria yasemaje? Hilo ndilo tunalotaka kulieleza hapa.

Hofu hufanyaje kazi

Kumzuia mtu asipige kura si lazima akamatwe. Yatosha aone sare na bunduki mlangoni. Raia mwenye karatasi zake zote hana la kuogopa kwa nafsi yake, lakini nyumbani huenda yuko shemeji au mjomba ambaye kibali chake hakijatoka. Hujiuliza: wakinitaka jina na anwani, hawatanifuata mpaka nyumbani? Basi hugeuza njia. Hakuna aliyemgusa, lakini kura yake imepotea. Sisi tuliofanya kazi chini ya wanyapara twalijua jambo hili. Mnyapara hana haja ya kumtisha kila mtu. Hutosha asimame na daftari lake mkononi siku ya mkutano wa chama.

Yaliyokwisha kutokea

Mwaka 1981, katika uchaguzi wa gavana wa jimbo la New Jersey, chama cha Republican kiliweka watu kwenye vituo vya mitaa ya Weusi na ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Baadhi yao walikuwa polisi walio nje ya zamu, wenye vitambaa mkononi, na wengine bastola zao zilionekana wazi. Mabango yaliahidi zawadi ya dola 1,000 kwa atakayetoa habari za wavunja sheria ya uchaguzi. Mshindi alishinda kwa kura 1,797 tu kati ya zaidi ya milioni 2. Ni wangapi waliorudi nyumbani bila kupiga kura? Hofu haiachi hesabu. Kesi ilifunguliwa, na mwaka 1982 chama hicho kilikubali mbele ya mahakama kuacha vitendo hivyo. Amri hiyo ilidumu mpaka mwaka 2018.

Mwaka 1988 walinzi wenye sare walisimamishwa kwenye vituo vipatavyo 20 huko Santa Ana, California, pamoja na mabango ya Kiingereza na Kihispania yaliyoonya kwamba asiye raia haruhusiwi kupiga kura. Shauri hilo lilimalizwa kwa fidia ya dola 400,000.

Sheria yasemaje

Kwanza, iko sheria iliyotungwa mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikielekea mwisho. Yakataza ofisa yeyote wa serikali kuu, awe wa jeshi au wa kiraia, kuweka wanajeshi au watu wenye silaha mahali pa uchaguzi, isipokuwa kuwarudisha nyuma maadui wenye silaha. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Askari wa uhamiaji ni watumishi wa serikali kuu, kwa hiyo mkuu anayewapeleka hapo na silaha zao hana budi kuijibu sheria hii.

Pili, Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 yakataza mtu yeyote kumtisha au kumlazimisha mpiga kura, au hata kujaribu tu kufanya hivyo.

Hata hivyo, pengo lipo. Sheria ya 1865 yataja mahali pa uchaguzi bila kupima hatua. Askari akisimama kwenye kituo cha basi, mwisho wa barabara, mabishano huanza. Tena, mwongozo wa mwaka 2021 uliozuia kwa kiasi kikubwa ukamataji kwenye shule, hospitali na nyumba za ibada ulifutwa Januari 2025. Tangu hapo hofu imeongezeka.

La kuwaambia jamaa zetu

Asiye raia asijiandikishe wala asipige kura katika uchaguzi wa serikali kuu, hata akiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu. Tangu mwaka 1996 ni kosa la jinai, na laweza kumfukuzisha nchini.

Aliye raia asikubali kurudishwa na uvumi. Akitishwa, amwarifu msimamizi wa kituo papo hapo, aandike saa, mahali na namba ya gari, kisha atafute wakili. Waende wawili watatu pamoja. Mtu peke yake ndiye rahisi kutishwa. Katika majimbo mengi yawezekana pia kupiga kura kwa posta au kabla ya siku yenyewe.

Asiyejua kusoma karatasi ya kura aruhusiwa kuingia na msaidizi amtakaye. Haki hii ilipatikana mwaka 1982. Lakini msaidizi huyo asiwe mwajiri wake, wala wakala wa mwajiri, wala kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi.

Ndugu, hapo sheria imetuweka sisi viongozi wa vyama kwenye benchi moja na tajiri. Wengine watachukizwa. Sisi twaona ni haki. Yeyote awezaye kukunyima kazi, au kukufuta katika daftari la chama, asiwe karibu nawe unapotia alama yako. Kiongozi atakayelikataa sharti hili hana kinywa cha kumlaumu askari aliyesimama mlangoni.