Malkia Asiyekaa Nyumbani

UNAPOSIKIA kwamba msichana wa miaka 17 amevikwa taji, wewe msomaji huwaza nini? Bila shaka huwaza jukwaa, taa kali, mwendo wa madaha na picha gazetini. Na ukiongezewa kwamba waliomvika taji hilo ni kundi la vijana lenye uhusiano na Frimasoni, huenda ukashtuka na kuuliza kama mtoto huyo ana wazazi.

Anao. Tena mara nyingi wazazi hao ndio wanaomwendesha kwa gari kutoka ukumbi hadi ukumbi, wikendi baada ya wikendi, huku yeye akiwa kiti cha nyuma amelishika gauni lake lisikunjike.

Wasichana wa aina hii hupatikana katika majimbo mengi ya Marekani kila mwaka. Huitwa Miss Job's Daughter, yaani Binti wa Ayubu, wa jimbo fulani, na kila mwaka mmoja huteuliwa kuwa wa kimataifa. Kazi yao kubwa si kupigwa picha. Kazi yao ni kuzuru. Leo tuzifuate safari hizo, kwani zinampa mzazi wa Nairobi, Mombasa au Kisumu jambo la kufikiria kuhusu malezi, na pia kuhusu milango inayofungwa watoto wetu wakiwa ndani.

Makundi matatu

Kwanza tufahamu wenyeji wanaotembelewa. Frimasoni wenyewe ni chama cha watu wazima, na katika vyama vya kawaida vya Marekani wanachama ni wanaume pekee. Hata hivyo, kando yake kumeota makundi matatu ya vijana.

La kwanza ni DeMolay, la wavulana wa kati ya miaka 12 na 21. Lilianza mwaka wa 1919 katika jiji la Kansas City, jimbo la Missouri. Frimasoni mmoja aitwaye Frank Land alikutana na kijana Louis Lower, aliyekuwa amefiwa na babake na alihitaji kazi. Land alimpa kazi, kisha akamwambia awalete rafiki zake. Wakafika vijana tisa kwa jumla, na chama kikazaliwa. Walikipa jina la Jacques de Molay, kiongozi wa mwisho wa mashujaa wa Templar, aliyechomwa moto mjini Paris mwaka wa 1314.

La pili ndilo la Mabinti wa Ayubu. Lilianzishwa na Bi Ethel T. Wead Mick mjini Omaha, Nebraska, mwaka wa 1920, kwa ajili ya wasichana wa kati ya miaka 10 na 20. La tatu ni Upinde wa Mvua, nalo ni la wasichana. Mhubiri aitwaye Mark Sexson alilianzisha mwaka wa 1922 huko McAlester, Oklahoma, na kila rangi ya upinde huo ina fundisho lake.

Kwa nini mabinti wa Ayubu? Ukifungua sura ya mwisho ya Kitabu cha Ayubu utawakuta: Yemima, Kesia na Keren-hapuki. Wengi wetu tunakumbuka kwamba walikuwa warembo kuliko wasichana wote wa nchi ile. Tunalosahau ni kwamba baba yao aliwapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Jambo hilo, msomaji, hata hapa kwetu bado linawapeleka ndugu mahakamani.

Taji la mtihani

Shindano la kumtafuta Binti wa Ayubu wa jimbo si la kuonyesha umbo. Hakuna kupita jukwaani kwa nguo za kuogelea. Mshindani hutahiniwa kuhusu kanuni na ibada za kundi lake, huhojiwa na waamuzi, kisha husimama mbele ya watu na kuzungumza. Asiyesoma hafiki mbali, hata awe mrembo namna gani.

Akishinda, hupewa taji na utepe wa kuvaa begani, kisha kalenda yake hujaa. Hapa ndipo hesabu inapoingia. Katika makundi haya uongozi hubadilishwa upesi. Malkia wa tawi la Mabinti wa Ayubu kwa kawaida hukaa kitini kwa miezi michache tu, mara nyingi sita. Kiongozi wa tawi la DeMolay naye ni vivyo hivyo. Hivyo basi, kila baada ya miezi michache, kila tawi lina sherehe ya kuwaapisha viongozi wapya, na kila sherehe hutuma mwaliko kwa mwenye taji. Ongeza karamu za kuchangisha pesa, mikutano mikuu ya majimbo na ziara za kuwapokea wanachama wapya, nawe utaelewa kwa nini msichana huyo haonekani nyumbani.

Tena masafa si mchezo. Jimbo la California pekee, kutoka kaskazini hadi kusini, lina zaidi ya kilomita 1,200. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya safari ya Nairobi hadi Mombasa. Na Jumatatu asubuhi mwenye taji anatarajiwa darasani kama wenzake wote.

Kiti kisicho na mtu

Akifika ukumbini, hatembei kiholela. Wageni wa heshima hutangazwa kwa majina na vyeo, husindikizwa hadi mbele kwa hatua za kupangwa, wakasalimiwa na malkia wa tawi. Baadaye mwenye taji hupewa nafasi ya kusema maneno machache. Machache, lakini si ya kubahatisha. Huenda ndani ya ukumbi kuna wazee wa miaka 80 na vitoto vya miaka 10, na wote wanamtazama yeye.

Mabinti wenyewe huvaa kanzu nyeupe za mtindo wa Ugiriki ya kale, zilizofungwa kwa kamba. Wote huvaa sawa, wa tajiri na wa maskini, ndipo isijulikane nani amenunuliwa nguo dukani na nani amerithi ya dadake. Malkia na wasaidizi wake wawili ndio huongezewa joho la zambarau na taji. Mwishoni mwa mkutano wasichana hujipanga katika umbo la msalaba, hupiga magoti na kuomba, na huimbwa Nearer, My God, to Thee, wimbo ambao waumini wengi wa Kenya wanaujua tangu shule ya Jumapili.

Lakini faida kubwa ya ziara haiko katika hotuba. Tawi kamili la Mabinti wa Ayubu linahitaji maafisa 19: malkia na wasaidizi wake wawili, kiongozi wa njia, msimamizi wa maandamano, mwombaji, katibu, mweka hazina, mtunza maktaba, mpiga kinanda, wajumbe watano, watunzaji wawili na walinzi wawili wa mlango. Je, ikiwa tawi zima lina wasichana saba tu?

Na matawi madogo ni mengi siku hizi. Mwaka wa 1959 Marekani ilikuwa na Frimasoni zaidi ya milioni nne. Leo hawafiki milioni moja, na makundi ya watoto wao yamepungua pamoja nao. Kumbi zilizojengwa kwa mamia ya watu sasa huketi familia chache. Katika hali hiyo mgeni hapewi kiti cha kupumzikia bali hupewa kazi. Mwenye taji aliyetarajia kukaa mbele kama bibi harusi hujikuta akishika nafasi ya mjumbe wa nne, akikariri maneno yake kwa moyo ili kitoto cha miaka 10 kipokewe kwa heshima inayostahili. Hapo ndipo taji linapopimwa.

Pia kuna mfuko wa kuchangia. Mabinti wa Ayubu wana hazina iitwayo HIKE, ambayo huwanunulia vifaa vya kusikilizia watoto wenye matatizo ya masikio ambao wazazi wao hawana uwezo. Mwenye taji huenda kila mahali na habari za hazina hiyo, na anayemsikia vizuri hutoa.

Saa tatu usiku

Akialikwa na wavulana wa DeMolay hukuta mambo mengine. Juu ya madhabahu yao, kando ya Biblia, huwekwa vitabu vya shule. Naam, vitabu vya shule, kwa sababu kundi hilo linahesabu elimu ya umma kuwa jambo la kulindwa. Na ikifika saa tatu usiku mkutano ukiendelea, kila kitu husimama. Vijana hupiga magoti na kuomba, kwa kumbukumbu ya saa ambayo mtoto huomba na mamake kabla ya kulala.

Sherehe inayotoa watu machozi zaidi ni ile ya maua. Wavulana husikiliza maneno ya kuwakumbusha jinsi mama zao walivyowabeba na kuwalea. Kisha kila mmoja huchukua ua: jekundu ikiwa mamake yu hai, jeupe ikiwa amefariki. Mwenye mama humwendea alipoketi na kumpa ua lake. Fikiria mwanao wa kidato cha tatu, yule anayejibu salamu kwa kunung'unika, akikujia mbele ya watu mia na ua mkononi. Wazazi wengi wa Buruburu wangelipa nauli ya mbali kuliona jambo hilo.

Mlango uliofungwa

Hata hivyo, si yote yanayong'aa. Swali ambalo Mkenya atauliza kwanza ni hili: kwa nini siri? Hapa kwetu jina la Frimasoni limeandamwa na uvumi kwa miaka mingi. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume iliyoongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima kuchunguza madai ya ibada za shetani nchini, na ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka wa 1999. Tangu hapo wengi hawataki hata kulitamka jina hilo mezani.

Kanisa Katoliki nalo lina msimamo wake. Papa Clement wa 12 alipiga marufuku Frimasoni mwaka wa 1738. Marufuku hayo yalithibitishwa tena mwaka wa 1983, na mara nyingine mwaka wa 2023. Familia ya Kikatoliki ikimwona bintiye na utepe wa Mabinti wa Ayubu ina haki ya kuwa na mashaka, hata kama kundi la binti si chama chenyewe cha Frimasoni.

Kwa haki, ni lazima tutenganishe milango. Sherehe za kuwaapisha viongozi kwa kawaida huwa wazi, na jirani anaweza kuja na kamera yake. Sherehe za kuwapokea wanachama wapya ndizo hufungwa kwa wageni. Lakini hata hapo watoto hawaachwi peke yao. Watu wazima wa kundi huwapo, na wazazi wa wasichana wanaruhusiwa kuketi katika mikutano ya Mabinti wa Ayubu.

Kuna aibu nyingine iliyokuwa kubwa kuliko siri, nayo ni rangi. Mwaka wa 1976, katika mji mdogo wa Indianola, jimbo la Iowa, wasichana wa Upinde wa Mvua walipiga kura kumpokea msichana wa miaka 12 mwenye damu ya Kiafrika. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa ya kumkataza, lakini ilikuwapo isiyoandikwa. Wakuu wa chama waliyafukuza matawi yote ya Iowa. Sheria hiyo ilikuja kufa, lakini tazama ni nani waliokuwa sahihi siku ile: si wazee wenye vyeo, bali watoto waliopiga kura.

Watu weusi wa Marekani hawakuwa wamekaa wakingoja. Prince Hall, mtu mweusi wa Boston, aliingia katika Frimasoni mwaka wa 1775 pamoja na wenzake 14, na baada ya kubaguliwa na weupe wakapata hati yao kutoka Uingereza mwaka wa 1784. Chama hicho kingalipo, na kina makundi yake ya vijana.

Swali kwako mzazi

Sasa wewe unayesoma ukumbi wako ukiwa sebule ya Umoja au Kisauni, haya yanakuhusu nini? Mwanao huenda asisikie habari za Mabinti wa Ayubu maishani mwake. Lakini yumo katika skauti, au klabu ya drama, au umoja wa Kikristo, au kwaya inayosafiri wakati wa likizo. Huko nako kuna vyeo, nyimbo, sare na pengine milango inayofungwa.

Basi uliza maswali matatu, kwa upole lakini bila kuona haya. Je, mzazi anaruhusiwa kuingia wakati wowote? Je, kuna mtoto anayekataliwa kwa sababu ya kabila, rangi au mfuko wa babake? Na je, mwanao mwenye cheo anafundishwa kukalia kiti cha mbele tu, au anajua pia kujaza kile kilichokosa mtu?

Ukijibiwa vizuri, mpe nauli na umwache aende. Ukijibiwa kwa kuzungushwa, abaki nyumbani Jumamosi hiyo, hata kama sare imeshanunuliwa.