Kengele ya Senghenydd

Tarehe 14 Oktoba 1913, mgodi wa makaa ya mawe wa Senghenydd, kusini mwa Wales, ulilipuka na kuua wachimbaji 439 pamoja na mwokoaji mmoja. Uingereza haijapata ajali ya mgodi iliyoua wengi kuliko hiyo. Meneja alitozwa faini ya pauni 24.

Chanzo hakikuthibitishwa, ila kengele ilishukiwa. Mgodini zilipita nyaya mbili zilizo wazi. Aliyetaka mabehewa yavutwe alizigusanisha, kengele ikalia kwa mwendesha mashine. Umeme ulikuwa wa betri, usioweza kumshtua mtu, basi nani angeuogopa? Lakini kengele ina koili, na koili huhifadhi nishati. Nyaya zikiachana, nishati hiyo hufyatuka kama cheche. Methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche isiyofikia hata sehemu moja ya elfu ya juli inatosha kuilipua.

Utafiti wa R. V. Wheeler na W. M. Thornton juu ya kengele hizo ulizaa kanuni inayotumika hadi leo: saketi inyimwe nishati ya kuwasha gesi, hata waya ukikatika.

Vitambuzi na simu za mgodini huridhika na umeme huo haba. Mota ya pampu ya petroli hairidhiki, kwa hiyo huvalishwa kasha nene la chuma. Wengi hudhani kasha hilo huzuia mvuke wa petroli usiingie. Sivyo. Mvuke huingia, na hata ukilipuka humo, kasha huhimili. Moto unaotafuta njia ya kutoka hubanwa katika mwanya wa sehemu ya milimita kati ya kifuniko na kasha, ukapoa kabla ya kufika nje.

Ndiyo maana fundi anayerudisha boliti saba kati ya nane za kifuniko akisema “inashika tu” amefanya kosa kubwa kuliko anavyodhani. Vivyo hivyo anayebandua kifuniko kwa patasi: mkwaruzo mmoja ni njia ya moto. Kasha kwa macho ni lilelile.

Mwenye kituo cha petroli na aanze na kibao cha mota. T4, kwa mfano, maana yake uso wa mota hautazidi nyuzi 135 za Selsiasi. Kibao kikipakwa rangi siku ya kupamba kituo, fundi ajaye atafunga mota yoyote aliyoikuta dukani.