Mkono Wako Katika Mfarishi: Utangulizi kwa Mshonaji Mpya

Ukiwa umefika hapa, huenda tayari una mfuko wa mabaki ya vitenge uliyoyaomba kwa fundi cherehani wa mtaani kwako, una sindano na uzi, na una swali: nianzie wapi ili kazi yangu iwe yangu kweli? Wanafunzi wangu huniuliza hilo mapema kuliko lolote lingine, mara nyingi kabla hawajakata kitambaa hata kimoja, tena kwa wasiwasi. Nikutoe wasiwasi huo kwanza. Mtindo wa mshonaji hujengeka kutokana na maamuzi anayoyafanya akiwa na kitambaa mkononi, hasa pale kitambaa alichokipenda kinapomwishia na kazi bado inaendelea. Nia yangu hapa ni kukufikisha kwenye maamuzi hayo ukiwa na msingi wa kutosha.

Tuanze na kitu chenyewe. Mfarishi ni tandiko zito la matabaka matatu. Tabaka la juu huitwa uso, nalo huundwa kwa viraka, yaani vipande vya vitambaa vilivyoungwa pamoja. Katikati hukaa pamba, au blanketi kuukuu, kwa ajili ya unene na joto. Chini ni bitana, kitambaa kipana kinachofunika kazi kwa nyuma. Kitambaa cha marekani kinafaa sana, maana ni imara na sindano haihangaiki kukipenya. Matabaka hayo kwanza hupigwa bandi, yaani hushikizwa kwa mishono mirefu ya muda ili yasiteleze, kisha hudariziwa. Kudarizi umekuzoea kwenye kofia na mashuka ya maua. Hapa ni kupitisha uzi katika matabaka yote matatu ili yawe kitu kimoja. Kwa mkono, ni mishono midogo ya kwenda mbele, na utashukuru ukiwa na subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole. Mwisho, kingo hufunikwa kwa upapi, utepe mwembamba wa kitambaa unaozuia nyuzi kuchomoka.

Kitambaa nacho kina tabia yake. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu huitwa mtande, na zinazokatisha upana huitwa mshindio. Ukivuta kitambaa kwa kufuata mtande, hakivutiki. Ukikivuta mshazari, yaani kona kwa kona, kinarefuka na kupoteza umbo. Kwa hiyo mwanzoni kata vipande vinavyofuata nyuzi. Mshazari utakuja baadaye, mikono ikishazoea. Fua kila kitambaa kipya kabla ya kukikata, kwani kingine husinyaa. Kaniki na vitenge vya rangi kali vijaribu: lowesha kipande katika maji ya vuguvugu, kikandamize juu ya kitambaa cheupe, uone kama kinaacha doa.

Kisha kuna nafasi ya mshono, yaani umbali kati ya mstari wa mshono na ukingo wa kitambaa. Washonaji wengi wa viraka hutumia milimita 6. Kama umewahi kushona nguo utaona ni ndogo mno, kwa sababu gauni huachiwa nafasi ya kuongezwa mwenyewe akinenepa. Kiraka hakiongezwi. Kinachotakiwa ni nafasi hiyo iwe moja kila mahali, maana ikiwa hapa 6 na pale 9, vipande havitakutana kwenye kona na mfarishi utajaa mikunjo ambayo pasi haiwezi kuiondoa.

Sasa rangi, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mwanafunzi huniuliza, nyekundu inakwenda na kijani? Mimi humrudishia swali jingine: ipi kati ya hizo mbili imekolea zaidi? Ukolezo ni kiasi cha giza au mwanga kilichomo katika rangi. Nyekundu na kijani zinaweza kuwa na ukolezo mmoja, na ukisimama upande wa pili wa chumba zitayeyuka zikawa doa moja, hata kama kwa karibu zilikuwa zinapigana. Njano iliyopauka kando ya buluu ya usiku itaonekana hata na mtu anayepita barabarani. Fumba macho nusu ukitazama vitambaa vyako, au vipige picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, na panga unachokiona. Naamini mshonaji anayeelewa ukolezo anaweza kuweka rangi yoyote kando ya yoyote.

Vitenge vinaleta ugumu mtamu. Ua moja la kitenge linaweza kuwa kubwa kuliko kiganja. Ukikata vipande vidogo, kimoja kinatoka na petali ya njano, kingine na kona ya buluu tupu, cha tatu na ncha ya jani na nusu ya duara. Umekata kitambaa kimoja ukapata vitatu. Kanga nayo ina pindo, mji, yaani sehemu ya kati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Utaliacha jina likiwa zima? Utalikata maneno yavunjike, herufi zibaki kama mistari tu? Au utachukua pindo ulizungushie kazi nzima? Hakuna jibu la kitabuni. Huo ndio uamuzi wako wa kwanza wa kisanaa, hata kama hukujua kwamba ndio unaufanya.

Mfano bora ninaoujua wa jinsi uhaba unavyozaa mtindo uko Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi katika jimbo la Alabama, mahali mto Alabama unapojikunja na kukizunguka pande tatu. Wakazi wengi ni wazao wa watu waliotumikishwa katika mashamba ya pamba ya hapo hapo. Wanawake wa kijiji hicho walishona mifarishi kwa vizazi ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika Museum of Fine Arts ya Houston, kisha katika makumbusho ya Whitney jijini New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu 10 zenye picha za mifarishi hiyo. Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe, akazichukua nguo zake za kazi akazishonea mfarishi, ili amkumbuke na ajifunike kwa upendo wake. Binti yake Arlonzia ndiye aliyesimulia. Itazame kwa karibu mifarishi ya namna hiyo, iliyoshonwa kwa nguo za shambani: suruali ya jinzi imepauka kwa jua, lakini pale mfuko ulipofumuliwa pamebaki mraba wa buluu mbichi. Mshonaji hakuuficha. Aliuweka mahali ambapo mchoro ulihitaji giza.

Mwaka 1972 ushirika wa ushonaji wa eneo hilo, Freedom Quilting Bee, ulioanzishwa 1966, ulipata kazi ya kushonea kampuni ya Sears foronya za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari ya manyoya. Mabaki yalikwenda majumbani. Kodrai haipindiki vizuri katika vipande vidogo, hivyo wanawake walilazimika kukata vikubwa, mistari mipana, maumbo machache. Kitambaa kilikuwa kimoja, rangi zile zile, kijiji kimoja. Hata hivyo, ukiiweka mifarishi ya kodrai ya miaka hiyo pamoja, unaziona nyumba tofauti. Huyu anarudiarudia hadi jicho litulie, yule anavunja mstari pale ulipotarajia uendelee. Mimi huwaonyesha wanafunzi picha hizo kila anaponiambia mtu kwamba hana vitambaa vya kutosha kuwa na mtindo.

Kuna muundo unaoshonwa sana Gee's Bend, nao unaitwa paa la nyumba. Nakuomba uanze nao. Kata mraba wa kati, sentimita 8 kila upande, na tepe za upana wa sentimita 5. Shona tepe moja upande mmoja wa mraba, piga pasi, kata iliyozidi, zungusha kazi, shona nyingine upande unaofuata. Endelea kuzunguka mpaka ufike kama sentimita 30. Shona miraba mitatu ya namna hiyo. Wa kwanza utumie vitambaa viwili tu, kimoja kilichokolea na kimoja cheupe, ili ujifunze ukolezo. Wa pili ushone kwa mabaki unayoyatoa mfukoni bila kuchagua. Wa tatu uanze na kitambaa unachokipenda mno ambacho hakitoshi, na kikiisha katikati ya tepe, usiende dukani. Unga kingine papo hapo.

Utajiuliza kama huku si kuiga. Muundo wa paa la nyumba ni mali ya wengi. Mabinti wa Gee's Bend waliupata kwa mama na shangazi zao, kila mmoja akaufanya wake. Kunakili kazi moja ya mtu fulani, kipande kwa kipande, na kuiuza kama yako ni jambo jingine, na halifai.

Swali la pili ni zito zaidi: mstari wangu umepinda, ni kosa au ni mtindo? Nina vipimo viwili. Je, mfarishi unalala sawa na utavumilia kufuliwa? Na je, ukitaka, unaweza kuupinda tena vile vile? Ukijibu ndiyo mara mbili, mstari ni wako. Kama mshono unaachia, fumua, haijalishi unapendeza kiasi gani, kwa sababu mtu atalala chini yake.

Si rangi na maumbo tu yanayobeba mtindo. Hata mpangilio wa kazi unaubeba. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, wengi wao wazao wa waliovushwa bahari kutoka upande wetu huu enzi za utumwa. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Hawatengenezi uso kwanza. Wanatandaza bitana, mara nyingi sari kuukuu, wanaanzia ukingoni, wanakunja kiraka na kukishona, kisha kinachofuata, wakizunguka kuelekea katikati. Mshono ule ule unaounga viraka ndio unaodarizi, na nyuzi zinaonekana kwa juu zikizunguka kazi nzima. Kwenye kona huweka vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, yaani ua. Ukitaka kujua nguvu ya utaratibu, shona mraba wako wa nne kwa njia hiyo, kwa vitambaa vile vile, uone jinsi ulivyo tofauti na mitatu ya mwanzo.

Ukimaliza, ibandike miraba yote ukutani na uitazame kwa siku kadhaa. Andika unachokiona kikijirudia bila wewe kukikusudia. Labda giza umeliweka kati kila mara. Labda tepe zako zinazidi kuwa nyembamba kadiri unavyokwenda nje, au uzi wa kudarizi umeuchagua wa rangi inayopingana na kitambaa. Chagua moja kati ya hayo, na katika mfarishi wa kwanza kamili ulizidishe kuliko unavyoona ni salama. Mengine yaache yasubiri.

Na kila kazi iandike nyuma, kwenye bitana: jina lako, mwaka, na vitambaa vilikotoka. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alionyesha mfarishi wake wa visa vya Biblia katika maonyesho ya Athens, Georgia, mwaka 1886, na mwaka 1891 akauuza kwa dola 5 kwa kubanwa na shida. Mnunuzi, mwalimu wa sanaa Jennie Smith, aliandika maelezo ya Powers mwenyewe juu ya kila picha, moja baada ya nyingine, na kwa sababu hiyo leo, mfarishi huo ukiwa katika makumbusho ya Smithsonian, tunajua alikusudia nini. Mifarishi mingi mizuri ya zama zake haina hata jina la aliyeishona. Uzi wa rangi moja na mishono ya kawaida vinatosha kuandikia lako.