Gari la Kwanza Ni Kokochi

Ukisafiri kutoka Musoma kwenda Majita kwa njia ya Suguti, huwezi kukosa kumwona fundi kando ya barabara. Pikipiki imefumuliwa juu ya gunia, na yeye kashika pistoni, anaigeuzageuza juani akitafuta mikwaruzo. Kule mwaloni mwenzake anahangaika na injini ya mtumbwi. Vijana hawa hufungua injini na kuifunga tena bila kitabu. Kwa nini basi kutoka hapo hadi kuunda gari letu wenyewe pawe mbali hivi? Jirani zetu wa ng'ambo ya Sirari walijaribu, na wametuachia funzo.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni na kuunda gari la Kenya, hata kama lingekuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Tarehe 27 Februari 1990, huko Kasarani, gari hilo likazinduliwa kwa jina la Nyayo Pioneer. Yaliundwa matano, na katika majaribio mwendo ulifika kilomita 120 kwa saa. Shirika la Nyayo Motor Corporation likaanzishwa ili kuyatengeneza kwa wingi. Fedha hazikutosha, na Pioneer halikufika sokoni.

Wapo wanaolitaja gari hilo kwa kulicheka. Hawalitendei haki. Wakati huo Thika na Mombasa tayari vilikuwapo viwanda vya kuunganisha magari, lakini kuunganisha ni kufunga vipande vilivyokwisha kupimwa na mtu mwingine. Anayeunda huanza na kipimo chenyewe.

Turudi kwa fundi wetu na pistoni yake. Pistoni ni ya aluminiamu na mara nyingi silinda ni ya chuma cha kusubu. Zikipata moto, aluminiamu hutanuka zaidi. Kwa hiyo lazima pawe na nafasi kati yake, na nafasi hiyo ni sehemu chache tu za mia za milimita, kama unene wa unywele au pungufu. Ikizidi, mgandamizo hupotea, oili hupenya na moshi hutoka. Ikipungua, pistoni hukamata na injini hunoki. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 50 kila sekunde ndani ya nafasi hiyo. Kuipata sawasawa mara moja, fundi hodari ataweza. Kuipata sawasawa mara elfu kumi kunahitaji mashine za kukereza zisizoyumba, chuma kisichobadilika ubora, na watu waliozoea kupima kila kipande na kuandika walichopima. Hapo ndipo penye gharama ya kiwanda cha magari, na hapo ndipo fedha ya Pioneer ilipokwama.

Hata wakubwa wa dunia walianza na vitu vya kuchekesha macho. Gari ambalo Karl Benz alilipatia hataza Ujerumani tarehe 29 Januari 1886 lilikuwa na magurudumu matatu kama bajaji, na nguvu isiyofikia farasi mmoja. Agosti 1888 mkewe, Bertha, aliendesha toleo lililoboreshwa kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilomita 100 hivi. Milimani gari lilishindwa, ikabidi lisukumwe. Aliporudi na habari hiyo, gia ya kupandia ikaongezwa. Kampuni ya Ford nayo ilianza na Model A mwaka 1903, ikapitia matoleo kadhaa kabla ya Model T ya 1908 iliyoipa jina duniani.

Katika ziwa hilihili letu, upande wa Uganda, tunaye shahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa Kiira EV, gari la umeme la watu wawili. Hawakuishia hapo. Mwaka 2014 likaja gari lingine, mwaka 2016 likazinduliwa basi la Kayoola, na leo Kiira Motors ina kiwanda Jinja.

Nasi tuna Shirika la Nyumbu, Kibaha, lililoanzishwa enzi za Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ili teknolojia ya magari iwe mikononi mwetu. Limebeba jina la mnyama ambaye sisi wa Mara tunamwona kila mwaka akivuka mto. Nyumbu wa kwanza kuingia majini si lazima afike ng'ambo. Kundi huvuka kwa sababu wa nyuma hawakatizi safari.

Wahenga walisema: mwanzo kokochi, mwisho nazi. Pioneer lilikuwa kokochi zuri lililoanguka kabla ya kukomaa. Kosa halikuwa kwa waliolibuni. Kosa lilikuwa kutolipatia toleo la pili na la tatu.

Ndugu msomaji, kama una gereji Suguti, Bunda au Musoma, nunua mikromita na daftari. Mfundishe kijana wako kupima silinda kabla hajaifunga, na aandike. Na akikuletea kifaa cha kwanza alichokiunda mwenyewe, hata kikiwa kibaya, mwagize cha pili.